Maji safi si lazima yawe maji salama

Kila kipindupindu kikiingia, gari la matangazo hupita mitaani likisema: tumieni maji safi na salama. Maneno hayo mawili yametamkwa pamoja kwa miaka mingi hata yamekuwa kama neno moja, na kwa kuwa "safi" ndiyo inayotangulia na ndiyo inayoonekana kwa macho, "salama" imemezwa. Ndiyo maana utamsikia mtu mzima, mwenye akili zake, akisema barazani kwamba kwao hawana haja ya kuchemsha, kisima chao maji yake meupe pe. Nimelisikia hili mara nyingi mno, na watu wanalilipia kwa afya zao.

Maji safi ni maji yasiyo na tope, takataka, rangi wala harufu. Maji salama ni maji yasiyo na vijidudu wala sumu ya kumdhuru anayeyanywa. La kwanza linapimwa kwa jicho na pua. La pili jicho haliliwezi kabisa.

Haliliwezi kwa sababu kijidudu cha kipindupindu ni kidogo kupita kiasi. Ukivipanga elfu moja kwa mstari, havizidi milimita chache. Glasi ya maji inaweza kubeba mamilioni yavyo na bado ukaisoma saa ya ukutani kupitia hiyo glasi. Na vijidudu hivyo havikuletwa na tope. Vimetoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, ambaye huenda hata haumwi, kwani wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote au huharisha kidogo tu, huku wakiendelea kuvitoa chooni kwa siku kadhaa. Choo cha shimo kikiwa karibu na kisima, mvua za masika zikashuka, maji hupita chini kwa chini. Sehemu kubwa ya Unguja ni ardhi ya mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango, na mwamba wa namna hiyo hauchuji sana. Unayapitisha maji upesi, nayo hufika kisimani yakiwa maangavu vilevile.

Kosa hili si la watu wa visiwani peke yao. Mwaka 1854 London ilipigwa na kipindupindu, na daktari John Snow akaishuku pampu ya mtaa wa Broad Street. Alipoyatazama maji yake kwa mara ya kwanza alisita, maana hakuona uchafu wa maana ndani yake. Kulikuwa na mama mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa ule, lakini akiipenda ladha ya maji ya pampu ile kiasi cha kuletewa chupa kwa gari. Aliyanywa, akaugua, akafa, na huko alikohamia hapakuwa na kipindupindu. Maji yaliyomuua yalikuwa maji matamu.

Hapa kwetu lipo jambo jingine linaloongeza mkanganyiko, na nalitaja kwa adabu kwa sababu linagusa ibada. Tulisomeshwa chuoni, kwenye Kurani, kwamba maji mengi, yaliyofika kulateni, yaani kile kipimo cha sheria cha wingi wa maji, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ni sahihi mahali pake: inatuambia maji gani yanafaa kwa udhu na kuondoa najisi. Lakini watu wameichukua wakaipeleka jikoni. Mtu anachungulia kisima, haoni rangi, hasikii harufu, anasema maji haya ni tohara, basi yanyweke. Kufaa kwa udhu ni jambo moja na kufaa kwa kunywa wakati wa maradhi ni jambo jingine, na hakuna mwanachuoni atakayekukataza kuchemsha. Anayetawadha kwa maji ya kisima wakati wa mlipuko na asukutue vizuri, ayateme, asiyameze. Na anayeandikiwa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani ili zioshwe na kunywewa, alioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Baraka haipungui kwa hilo.

Wengine watasema, sisi tunatumia maji ya mfereji, hayo ya visima hayatuhusu. Mji wa Zanzibar una bahati ya mfereji tangu zamani. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta mjini kwa mabomba kutoka chemchem za upande wa Bububu, na alikikalia kiti mara tu baada ya kipindupindu cha 1869 na 1870 kilichoua watu wengi sana mjini. Lakini maji yanayotoka salama kwenye chemchem au tangi hayana dhamana ya kufika salama. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu na nguvu yake hushuka. Kama lina ufa na limelala karibu na mtaro au shimo la choo, linavuta yaliyo nje. Yakirudi usiku, yale ya mwanzo ndiyo yaliyobeba hayo, na ndiyo yanayokingwa kwa haraka ndoo zikishindana. Mara nyingine yanatoka maangavu tangu tone la kwanza.

Linaloniuma zaidi ni upande wa pili wa kosa hili: watu wanayakimbia maji salama kwa sababu hayaonekani safi.

Chukua birika la nyumba yoyote ya Unguja inayochemsha maji ya kisima. Ndani limeshika ukoga mweupe, na ukimimina, chini ya jagi hubaki vumbi jeupe kama unga. Ile ni chokaa ya ardhini iliyoganda kwa moto. Haina madhara. Lakini nimeona maji hayo yakimwagwa, mtoto akiambiwa "hayo machafu, kachote mengine," na hayo mengine ni mabichi. Ndivyo ilivyo pia kwa klorini. Wahudumu wa afya wakitia dawa kisimani au wakigawa vidonge, maji hupata harufu, na watu husema maji yameharibiwa. Wengine huenda mbali kutafuta kisima ambacho hakijatiwa dawa. Harufu ile hafifu ya dawa ndiyo alama pekee ya usalama ambayo pua yako inaweza kuipata, kwani klorini ikibaki kidogo ndani ya maji inaendelea kuyalinda. Ukiiona harufu inakusumbua, yaache maji wazi kwa muda kwenye chombo kisafi chenye kitambaa juu, itapungua.

Shabu? Shabu inalitulizia tope chini, na mbegu za mlonge hufanya hivyohivyo. Zote zinayafanya maji yawe safi na hazitoshi kuyafanya salama. Ndimu ina ukali usiopendwa na kijidudu hiki, hilo kweli, lakini kiasi unachokamulia kwenye jagi si kitu cha kukitegemezea roho. Barafu haiui, inaviweka tu vijidudu vikasubiri, kwa hiyo malai, zile barafu tamu za kulamba, yaliyotengenezwa kwa maji mabichi ni maji mabichi.

Usafi wenyewe sidharau. Klorini hufanya kazi vibaya katika maji yenye tope, kwa hiyo yachuje kwanza kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa, usubiri nusu saa. Au chemsha mpaka yatokote kwa nguvu, dakika moja nzima. Safi ni hatua ya kwanza kuelekea salama. Tatizo ni wanaoishia hapo.

Na usalama huo unapotea kirahisi. Maji yamechemshwa, yamepozwa, yametiwa mtungini, kisha mtoto anatoka chooni, anachota kwa kikombe, vidole vinne vimezama ndani. Hakuna kitu kitakachobadilika ukiyatazama. Kata yenye mpini mrefu, au ndoo yenye kifuniko na bomba, inasaidia hapa kuliko hotuba nyingi, pamoja na sabuni.

Tangu 1978 kipindupindu kimerudi visiwani mara nyingi. Chanjo ya kumeza ilitolewa Unguja na Pemba mwaka 2009 na ikasaidia, lakini hata aliyechanjwa anaambiwa achemshe maji.

Kwa hiyo akija mtu barazani akasema kwao hakuna wasiwasi kwa sababu maji yao ni safi, usimbishie kuhusu usafi wake. Huenda anasema kweli tupu. Muulize tu, kwa upole, yamechemshwa au yametiwa dawa lini, na baada ya hapo nani ametia mkono ndani.