"Huyu ni mwenzetu": kipimo kinachotuponza tunapochagua viongozi

Nafundisha utawala wa umma, na kila msimu wa uchaguzi ukifika huulizwa swali lile lile: kwa nini watu wanamwacha mgombea anayeijua kazi na kumkimbilia yule anayeongea kama wao? Wengi wanaouliza huwa wameshajijibu moyoni kwamba wapigakura ni wajinga. Jibu hilo silikubali hata kidogo, na nitaeleza sababu. Ila sikubali pia kwamba ukaribu wa mgombea na watu, peke yake, unatuambia chochote kuhusu atakavyofanya akishaapishwa. Ukaribu huo unaweza kutengenezwa, na umekuwa ukitengenezwa kwa ustadi mkubwa kwa karibu miaka 200.

Tazama uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1840. Chama cha Whig kilimsimamisha William Henry Harrison, jenerali mstaafu. Gazeti moja la upande wa pili likamkejeli: mpeni pipa la pombe ya tufaha na pensheni, atatulia zake kwenye kibanda cha magogo. Whig wakaidaka kejeli ile wakaifanya bendera yao. Vibanda vya magogo vikajengwa penye mikutano, pombe ya tufaha ikagawiwa, na Harrison akageuzwa mtoto wa kibandani. Ukweli ni kwamba alizaliwa katika familia tajiri yenye shamba kubwa huko Virginia, na baba yake alikuwa mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru la 1776. Mpinzani wake, Rais Martin Van Buren, ndiye aliyekuwa mtoto wa mwenye kilabu cha kijijini, Kinderhook, lakini akachorwa kuwa bwanyenye anayeishi ikulu kifalme. Uchumi ulikuwa umeporomoka tangu 1837, kwa hiyo Van Buren angepata taabu hata bila maigizo hayo. Harrison alishinda kwa kura 234 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais, dhidi ya 60, akafariki mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa. Kazini hakupimika. Mbinu yake ikabaki.

Mwaka 2004 ilirudi kwa sura nyingine. Wapigakura wa Marekani waliulizwa wangependa kunywa bia na nani, Rais George W. Bush au mpinzani wake John Kerry, na Bush akaongoza. Bush alikuwa ameacha pombe tangu 1986. Wote wawili walisoma Yale, tena walikuwa wanachama wa chama kimoja cha siri pale chuoni. Bush alikuwa mtoto wa rais na mjukuu wa seneta, na ranchi yake ya Texas, ile ambako alipigwa picha akifyeka vichaka, aliinunua 1999, mwaka mmoja kabla ya kugombea urais kwa mara ya kwanza. Sidai kwamba hakuipenda ranchi hiyo. Hoja yangu ni kwamba swali la bia halikuwa na uhusiano wowote na vita, bajeti wala uteuzi wa majaji, na ndiyo kazi iliyokuwa ikimsubiri mshindi.

Sasa nirudi kwa wanaosema watu ni wajinga. Mwananchi anayemtaka "mwenzetu" mara nyingi anadai jambo la haki: amechoka kuamuliwa na watu wasiojua maisha yake na wasiopata hasara wanapokosea. Robert McNamara alikuwa na akili ambayo hakuna aliyeitilia shaka. Alifundisha Harvard, akapanda hadi kuwa rais wa kampuni ya Ford, kisha akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia 1961 hadi 1968. Aliisimamia vita ya Vietnam kwa takwimu, ikiwemo hesabu ya maadui waliouawa, na takwimu zilionyesha maendeleo huku vita yenyewe ikizama. Baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba walikosea, na walikosea vibaya. Kwa hiyo ukiniambia tuchague kwa kutazama vyeti, sitakufuata.

Tena hata tunapoamini tunapima uwezo, huwa tunapima sura. Mwaka 2009 John Antonakis na Olaf Dalgas walichapisha jaribio ambalo hulisimulia kila mwaka darasani. Watoto wa Uswisi walionyeshwa picha za wagombea wawili wawili kutoka uchaguzi wa bunge wa Ufaransa wa 2002, bila kuambiwa ni akina nani, wakaulizwa wangemchagua yupi awe nahodha wa meli yao. Takriban mara 71 kati ya 100, waliyemchagua ndiye aliyekuwa ameshinda. Watu wazima walioulizwa nani anaonekana kuwa na uwezo walitoa majibu yaleyale. Yaani sura ya "mtaalamu" nayo ni vazi, sawa na kofia ya mkulima.

Basi uwezo wenyewe unaonekana wapi? Mimi huutafuta kwenye karatasi zinazoingia ofisini kwa kiongozi. Waraka wa kawaida unaopelekwa kwenye baraza la mawaziri huanza na tatizo, ukaeleza njia mbili tatu za kulitatua, halafu ukapendekeza moja. Gharama mara nyingi huwekwa karibu na mwisho. Pendekezo huandikwa na watu waliokwisha kukubaliana, na aya ngumu hulainishwa mpaka isimkwaze mkubwa yeyote. Kiongozi anayeijua kazi anakwenda moja kwa moja kwenye gharama na kuuliza nani amezikadiria, mwaka wa tatu pesa zitatoka wapi, nani alipinga na kwa nini jina lake halimo. Asiyeijua anasoma pendekezo, anauliza kama litapendwa, anatia saini. Hapo hakuna kamera, na lafudhi yake haisaidii kitu.

Harry Truman, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, hakuwa na shahada. Alikuwa amelima, na duka lake la nguo lilikuwa limefilisika. Lakini kuanzia 1941, akiwa seneta, aliongoza kamati iliyochunguza matumizi ya fedha za Vita vya Pili vya Dunia: ilitembelea kambi na viwanda, ikawahoji wakandarasi na maofisa, ikafichua ubadhirifu huku nchi ikiwa vitani. Aliyetaka kujua Truman angekuwa rais wa namna gani alikuwa na kumbukumbu za kusoma. Alipokuwa rais alimteua Jenerali George Marshall kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mpango wa kuijenga upya Ulaya ukachukua jina la Marshall. Kiongozi asiyeogopa kuzungukwa na watu wanaomzidi ni nadra kuliko tunavyodhani.

Gharama ya kupuuza haya imepimwa. Manuel Funke, Moritz Schularick na Christoph Trebesch walichunguza marais na mawaziri wakuu 51 walioingia madarakani kwa siasa za "wananchi dhidi ya wakubwa" kati ya 1900 na 2020. Miaka 15 baadaye, pato la kila mtu katika nchi hizo lilikuwa chini kwa takriban asilimia 10 likilinganishwa na hali inayokadiriwa bila viongozi hao. Taasisi za nchi zilidhoofika, na pengo la kipato halikupungua kwa maana yoyote. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wale waliowaamini viongozi hao ndio walioahidiwa nafuu.

Waathene wa kale, watu wa mji wa Athene huko Ugiriki, walioichukulia demokrasia kwa uzito kuliko sisi, walijaza nafasi nyingi za serikali kwa kura ya bahati nasibu, ili mtu wa kawaida apate kutawala kweli. Lakini majenerali kumi waliwachagua kila mwaka kwa kuangalia ustadi, na aliyeiweza kazi aliweza kurudishwa tena na tena. Na wote, wa bahati nasibu na wa kuchaguliwa, walihojiwa kabla ya kuanza kazi na kukaguliwa walipomaliza, mahesabu yakiwa mezani.

Sisi mahojiano hayo tunaweza kuyafanya mkutanoni, mgombea akiwa bado anatuhitaji. Atamkabidhi nani hazina, na mtu huyo amewahi kusimamia nini? Ni lini alibadili uamuzi baada ya kuonyeshwa ushahidi? Katika ofisi aliyoiacha, ripoti ya mkaguzi ilisema nini? Akianza kujibu kwa kusimulia utoto wake, rudia swali.