"Itifaki Wazi" Haina Maana ya Bure, Wala ya Kuunga Chochote

Katika vikao vya ujenzi hapa Mwanza nimeshasikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia mzabuni akimwambia mwenye jengo, "Mzee, mfumo wetu ni wa itifaki wazi, kwa hiyo utaunga kifaa chochote na hulipii leseni." Mzee hutikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi hubaki nikiangalia ziwa dirishani, kwa sababu sentensi hiyo moja imebeba makosa mawili.

Maana yenyewe ni fupi. Itifaki wazi ni ile ambayo maelezo yake yamechapishwa, ili mtengenezaji yeyote aweze kuyapata na kuunda kifaa kinachoyafuata. Itifaki miliki ni ile ambayo maelezo yake yamebaki mikononi mwa kampuni iliyoitunga. Ndani ya jengo, itifaki ndiyo inayowezesha viyoyozi, pampu, jenereta na mita za umeme kupeana taarifa na kompyuta ya msimamizi.

Neno "itifaki" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako ittifaq ni makubaliano. Wengi wetu tumelizoea kwenye hafla za serikali, pale mzungumzaji anapokwepa kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja kwa kusema "itifaki imezingatiwa", na mazoea hayo yametufanya tudhani kwamba ni suala la nani atangulie na nani afuate. Asili yake hata hivyo inadai pande mbili zilizokubaliana, na ndiyo maana "itifaki miliki" hunichekesha kila ninapoiandika, kwani ni kampuni iliyokubaliana na nafsi yake. Neno linalotutatiza zaidi ni "wazi", ambalo kwenye hati za zabuni huandikwa leo "wazi", kesho "huria", na keshokutwa husomwa kana kwamba ni "bure". Kitu kilicho wazi hakikufichwa. Kilicho huria, kama tunavyosema soko huria, hakina wa kukuzuia kukitumia. Cha bure hakilipiwi. Kitu kinaweza kuwa na sifa moja kati ya hizo kikakosa mbili zilizobaki.

BACnet, kwa mfano, ni itifaki ya vifaa vya majengo, na ni kiwango cha wazi kilichoanza kuandaliwa mwaka 1987 na ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi na majokofu, kikapitishwa mwaka 1995 na kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2003. Hata hivyo nakala ya kiwango hicho huuzwa. KNX, itifaki nyingine ya majengo, nayo ni wazi, lakini programu ya kusanidi vifaa vyake, yaani kuvipangia jinsi ya kufanya kazi, hulipiwa. Itifaki ya tatu, Modbus, ilizaliwa mwaka 1979 ndani ya kampuni moja, Modicon, na leo maelezo yake hupakuliwa bila malipo, jambo linaloonyesha kwamba aliyeitunga itifaki si kigezo cha kuiita wazi au miliki.

Kosa la pili, la kudhani kwamba kifaa chochote kitaungika, ndilo linalogharimu. Katika hoteli moja ya ghorofa nne upande wa Capri Point niliketi sakafuni na kompyuta mapajani, nikisoma sensa za joto za vyumba viwili vinavyopakana, zote za Modbus, za watengenezaji wawili tofauti. Moja ilinipa 253 na nyingine 25. Hakuna iliyoharibika: ya kwanza ilihesabu sehemu za kumi za nyuzi, ya pili nyuzi kamili. Modbus imekubaliana jinsi ya kusafirisha namba kutoka kwenye rejista, yaani kisanduku cha kumbukumbu ndani ya kifaa, lakini haikukubaliana namba hiyo ina maana gani. Jibu lilikuwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji, na cha sensa mojawapo hakuna aliyejua kilipo.

BACnet imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa humo thamani hubeba jina na kipimo chake. Lakini kiwango chenyewe kinamruhusu mtengenezaji kuongeza aina zake binafsi za "vitu", yaani mafungu ya taarifa ndani ya kifaa, zenye namba za utambulisho kuanzia 128, na hapo anaweza kuweka mambo ambayo hakuna mwingine atakayeyaelewa huku akiwa hajavunja kanuni yoyote. Aidha, kidhibiti kinaweza kuzungumza BACnet safi kabisa na bado kikahitaji, ili kubadilishwa saa za kuwasha pampu, programu iliyo kwenye kompyuta ya mkandarasi pekee, pamoja na nywila ambayo ameondoka nayo.

Sisemi kwamba itifaki miliki ni uovu. Nyumba ya wageni yenye viyoyozi sita vya chapa moja, na fundi wa chapa hiyo yupo mjini, inaweza kuishi nayo vizuri kwa miaka mingi.

Kwa hiyo, ndugu mzabuni, neno "wazi" libaki kwenye hati yako, ila lisiachwe peke yake. Taja itifaki yenyewe. Ambatisha ile taarifa ya ulinganifu ambayo kila mtengenezaji wa BACnet hutakiwa kuitoa kuonyesha kifaa chake kinaweza nini, au orodha ya rejista ikiwa ni Modbus. Kisha andika kwamba programu ya kusanidi, leseni yake na nywila zote zitakabidhiwa kwa mwenye jengo siku moja na funguo za milango.