Kwa nini JAK2 moja haichanganyi homoni tatu za damu

Kila nikimaliza kuchora ubaoni njia ya JAK na STAT, yaani protini zinazopitisha ishara ya homoni kutoka kwenye utando wa seli hadi kwenye kiini, huwa nasubiri swali ambalo mwanafunzi makini hakosi kuuliza: ikiwa erithropoietini ya figo, trombopoietini ya ini na G-CSF (homoni inayochochea seli nyeupe ziitwazo nyutrofili) zote hushika vipokezi vinavyotegemea kimeng'enya kilekile cha JAK2, uboho unajuaje lini utengeneze seli nyekundu, lini chembe sahani na lini nyutrofili?

Jibu la haraka ni mkia wa kipokezi, yaani sehemu yake iliyo ndani ya seli. Saitokini, jina la jumla la homoni za aina hii, inapovikutanisha vipokezi viwili nje ya utando, JAK2 zilizoshikamana na mikia yao kwa ndani huamshana, kisha huzitia fosfati tairosini (aina ya asidi amino) za mikia hiyo, ambazo hugeuka vituo vya kupokelea protini za STAT. Mkia wa kipokezi cha erithropoietini una tairosini 8 na huita zaidi STAT5, ilhali ule wa G-CSF una 4 na hupendelea STAT3.

Maelezo hayo ni sahihi, ila kwa maoni yangu hupewa uzito kupita kiasi. Mwaka 1999 ilichapishwa kazi juu ya panya ambao mkia wa kipokezi chao cha G-CSF ulikuwa umeondolewa na kupachikwa ule wa erithropoietini. Walipopewa G-CSF walitoa nyutrofili, wala si seli nyekundu. Kilichodhoofika ni uwezo wa nyutrofili hizo kufuata vivutio vya kemikali. Yaani ukoo wa seli ulikwisha kuamuliwa na jeni zilizo wazi kusomwa ndani ya kiini, na kazi kubwa ya kipokezi ilikuwa kuzinusuru seli changa zisife na kuzihimiza zigawanyike.

Kwa binadamu, yupo Eero Mäntyranta, mtelezaji theluji wa Finland aliyetwaa dhahabu 2 huko Innsbruck mwaka 1964. Kipokezi chake cha erithropoietini kilipungukiwa ncha ya mkia, mahali ambapo protini ya SHP-1 hukaa ili kuzima ishara. Breki ilikosekana, na zilizoongezeka ni seli nyekundu peke yake.

Hitilafu ikiwa ndani ya JAK2 yenyewe, mipaka hiyo hulegea. Badiliko la jeni ya JAK2 liitwalo V617F, lililotambuliwa mwaka 2005, huiacha ikiwaka bila kungoja homoni, na kwa kuwa JAK2 hukalia vipokezi vyote vitatu, badiliko hilohilo humletea mgonjwa mmoja damu nzito iliyojaa seli nyekundu, na mwingine chembe sahani zilizokithiri.