Je, wajua kwa nini taa za gari hufifia besi ikipiga?

Simama Kondele, Kisumu, giza likianza kuingia. Matatu inangoja abiria, makanga anaita watu wa Mamboleo, na kila besi inapogonga taa za mbele zinafifia kisha zinarudi. Kuna wanaodhani ni mbwembwe za kunogesha gari. Ukweli ni kwamba gari limeishiwa umeme kwa muda mfupi, na mara nyingi tiba yake ni rahisi kuliko bei ya wufa, ile spika ya besi, yenyewe.

Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari hutoka kwenye oltaneta, jenereta ndogo inayozungushwa na injini, si kwenye betri. Oltaneta nzima hutoa kama volti 14. Betri pekee, hata ikiwa imejaa, ina 12.6 hivi. Sasa chukua amplifaya ya wati 500 za kweli, si zile elfu tatu zilizoandikwa kwenye boksi. Kama ni ya aina ya AB, karibu nusu ya umeme inaoula huishia kuwa joto, kwa hiyo besi ikigonga kwa nguvu zote inavuta ampea 70 na ushei. Oltaneta nyingi za magari madogo hutoa ampea 60 hadi 100, tena injini ikiwa inakimbia. Gari likisimama stejini hutoa pungufu sana. Pengo linazibwa na betri, na volti za gari zima zinashuka hadi 12 na kitu. Balbu ya halojeni nayo haina subira: punguza volti kwa asilimia 11 tu, mwanga unapungua kwa karibu theluthi moja.

Hapo ndipo wauzaji wa kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuuachilia haraka, wanapopata riziki: wanadai italiziba pengo hilo. Piga hesabu kabla hujatoa pesa. Kapasita ya faradi 1, volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, inaachilia jouli 26. Amplifaya inayovuta wati 1,000 inazila hizo kwa sekunde 0.026, na besi yenyewe hata haijakwisha kugonga. Kisha kapasita nayo inataka kujazwa na oltaneta ile ile iliyoshindwa. Ni pambo.

Anza na multimita. Zile za bei nafuu zinatosha. Washa injini, taa na muziki, gusa nguzo mbili za betri zenyewe, usome. Ikiwa volti zinabaki juu ya 13.5 ilhali taa zinafifia, oltaneta haina kosa; kagua waya za taa na athi yake, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Zikishuka pale pale kwenye betri, gusa waya mmoja kwenye nguzo hasi na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu kwenye bodi, muziki ukiendelea. Ukisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, athi imechoka: nati imelegea, au kuna kutu na rangi chini yake.

Kwenye terminali, vile vibano vya nyaya kwenye nguzo za betri, utakuta unga mweupe au wa kijani. Zima injini, fungua hasi kwanza, osha kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi, yale yale ya kulainishia mboga za kienyeji, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Angalia pia mkanda wa oltaneta. Ukilegea unateleza, na umeme unapungua.

Fundi akikwambia, "Mkubwa, acha nitoe terminali injini ikiwaka, tuone kama oltaneta inachaji," mkatalie kwa heshima. Volti zinaweza kuruka ghafla zikaunguza kompyuta ya gari, na multimita ingejibu swali hilo bila hatari.

Baada ya usafi, ongeza nyaya tatu nene: oltaneta hadi chanya ya betri, hasi ya betri hadi bodi, injini hadi bodi. Ule wa chanya uwekee fyuzi karibu na betri. Kebo ya kuchomelea vyuma, ya milimita 16 au 25 za mraba, hufaa, ila ikwaruze kwa kisu kwanza: ikionyesha weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kunenepesha waya wa amplifaya peke yake kutaisaidia amplifaya. Taa hazitaona tofauti.

Kuna dawa ya bure pia, ingawa wenye matatu hawaipendi. Kila desibeli 3 unazoongeza kwenye besi zinataka nguvu maradufu, kwa hiyo kurudisha kitufe cha besi nyuma kwa desibeli 6 kunapunguza nguvu inayokwenda kwenye wufa hadi robo. Ukigoma kabisa kupunguza, badilisha amplifaya iwe ya aina ya D, ambayo kwa kazi ile ile huvuta ampea 45 hivi badala ya 70. Oltaneta kubwa zaidi iwe ya mwisho, baada ya multimita kukuonyesha kwamba nyaya zote ni safi na volti bado zinaanguka.