Gemu ya Ndege Haipimwi Mpaka Ufe

Mtu akiniuliza gemu ipi ya zamani ya Kijapani ni nzuri, hutarajia nianze na picha au muziki. Mimi huanza na kifo. Kwenye gemu hizi za ndege na risasi utakufa sana, kwa hiyo najiuliza: baada ya kufa, nimeachiwa nini cha kupigana nacho? Na kilichoniua, nilikiona?

Chukua Gradius ya Konami, iliyotoka kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 1985 na kuingia Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo, mwaka 1986. Ukiangusha kundi zima la maadui unaachiwa kapsuli. Kapsuli moja inakupa mwendo, mbili makombora, nne leza, tano lile tufe la mwanga linalokufuata na kufyatua pamoja nawe. Utumie sasa au ulimbikize? Uamuzi ni wako, na huo ndio utamu wake. Lakini subiri uguswe na risasi moja. Unarudishwa nyuma, silaha zote zimekwenda, na ndege iliyokuwa ikiteleza sasa inajikokota mbele ya maadui walewale waliokushinda ukiwa umejihami kikamilifu. Kazuhisa Hashimoto, aliyeshughulikia toleo la Famicom, aliiona ngumu mno wakati wa kuijaribu, akajiwekea njia ya mkato: simamisha gemu, kisha juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, na karibu silaha zote zinakuja. Naipenda Gradius kwa dhati, ila hapa naikata maksi, na shahidi wangu ni fundi wake mwenyewe.

R-Type ya Irem (1987) nayo inaua bila huruma na kukurudisha nyuma vilevile. Lakini ndege yake, hata ikiwa tupu, bado ina meno. Shikilia kitufe cha kufyatua, nguvu inajikusanya kwenye mstari ulio chini ya skrini; achia, na mwale mnene unatoka. Huo hunyang'anywi. Ukipata na Force, lile tufe lisilovunjika, unalipachika mbele au nyuma, unalirusha katikati ya maadui, unaliita lirudi, na risasi ndogo zinaishia kwake.

Mwisho wa hatua ya kwanza anakungoja Dobkeratops. Mkia wake unazunguka ukitafuta pa kukubana, na pa kupiga ni kile kiumbe kidogo kinachochomoza tumboni. Mwenye Force hulirusha palepale tumboni na kazi ikaenda haraka. Asiye nalo hujibanza, hukusanya mwale, husubiri kiumbe kichomoze, ndipo aachie. Inachukua muda na inatisha, lakini inawezekana. Kwangu maksi za R-Type zinatoka hapo. Toleo la PC Engine, mashine ya nyumbani ya NEC, la mwaka 1988 liligawanywa na kuuzwa Japani kwenye kadi mbili, jambo lililowakera wanunuzi, ila mapigano haya hayakuguswa.

Swali la kuona nalo lina uzito wake. Famicom haiwezi kuchora zaidi ya vipande 8 vinavyotembea kwenye mstari mmoja wa skrini, hivyo vikizidi, gemu huvionyesha kwa zamu na picha inapepesa. Nikiuawa na risasi iliyopotea machoni kwa sababu hiyo, namlaumu mtengenezaji, maana kikomo alikijua. Gradius III ya Super Famicom, mrithi wa Famicom, (1990) ina tatizo tofauti: skrini ikijaa, gemu nzima inasuasua. Wengi huiita kasoro. Mimi naona humpa mchezaji nafasi ya kupenya, na Mbrazili mmoja alipotengeneza kiraka cha programu cha kuondoa kusuasua huko mwaka 2019, gemu ilizidi kuwa ngumu.

Kwetu Kenya na Tanzania, ambako televisheni zilikuwa za PAL, mfumo wa picha 50 kwa sekunde, kuna la ziada. Gemu iliyotungwa kwa picha 60 kwa sekunde, ikiletwa kwenye toleo la picha 50 bila kurekebishwa, hupungua kasi kwa takriban asilimia 17. Anayesema kwake ilikuwa rahisi huenda hadanganyi.

Tathmini nisiyoikubali ni ya mtu aliyetumia emuleta, programu inayoiga mashine hizi kwenye kompyuta, akirudisha gemu nyuma kila alipogongwa. Kwa uchezaji huo, Gradius itampita R-Type kwa mbali, kwa sababu ndege yake tupu hataiendesha hata mara moja.