Nyanya za siku sabini na tano: hesabu inaanza lini?

Kuanzia Julai hivi, wateja wanaofika kwenye kitalu changu hapa Tororo huja na swali moja: "Bwana shamba, ipi inaiva haraka?" Wana haki ya kuuliza. Mvua za pili huku mashariki mwa Uganda hukolea Septemba na Oktoba, na Desemba ikiingia udongo umeanza kupasuka. Asiye na pampu wala kijito karibu ana miezi mitatu tu, na wiki moja mbili za ziada Mungu akijalia. Basi mtu huchukua pakiti dukani, husoma "siku 75", huhesabu kwa vidole na kuona zinatosha. Hesabu huharibikia hapo.

Kwenye pakiti nyingi za nyanya, siku hizo 75 hazianzi siku ya kusia mbegu. Zinaanza mche unapopandikizwa shambani, na zinaishia matunda ya kwanza yanapoiva, si pale unapojaza sanduku la kupeleka sokoni. Ongeza wiki nne za kitalu. Kama unang'oa miche ikiwa na mizizi mitupu, ongeza na wiki nyingine hivi ambayo mche hukaa umenyong'onyea kabla haujashika. Nyanya ya siku 75 imekuwa ya siku 110, na mvua haitakungoja.

Kwa hiyo, kabla ya kubadili aina, badili kwanza tarehe ya kusia. Kitalu cha kutosha robo eka ni mita chache za mraba, na mita hizo unaweza kuzinywesha kwa ndoo hata jua likiwa kali. Sia mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, ili mvua zikishakolea uwe na miche yenye majani halisi manne au matano. Ukiweza, tumia trei, maana mche unaotoka na bonge lake la udongo hauna habari kwamba umehamishwa. Wapo wanaopenda kununua mche mrefu uliokwisha kutoa maua, wakidhani umetangulia. Mche huo umekaa sana kitaluni na umezeeka. Utakupa tunda moja dogo kisha udumae, na mwenzake mfupi mwenye shina nene ataupita kabla mwezi haujaisha.

Sasa tuje kwenye aina yenyewe. Wengi hutazama jina na picha, mimi hutazama kwanza mmea unakuaje. Kuna nyanya fupi na kuna nyanya ndefu. Ndefu, kama Money Maker, hutoa kichala cha maua, kisha majani matatu, kisha kichala kingine, na huendelea hivyo kupanda fito hadi ugonjwa au ukame uikomeshe. Fupi hutoa vichala vilivyokaribiana, kila baada ya jani moja au mawili, kisha ncha yake yenyewe huishia kwenye maua na kimo kinakoma. Tabia hii inatokana na badiliko la jeni moja lililoonekana Florida, Marekani, mwaka 1914, na nyanya nyingi za viwandani na za mashamba ya wazi zimeirithi. Roma VF, Cal J na Rio Grande zote ni za ukoo huu wa fupi. Uzuri wake kwa msimu mfupi si kwamba tunda la kwanza hutangulia sana. Uzuri ni kwamba maua hufunguka kwa mkupuo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mavuno hutoka ndani ya wiki tatu au nne. Money Maker inaweza kukupa tunda la kwanza karibu wakati uleule, lakini nusu ya mzigo wake bado iko juu, kwenye maua ambayo mvua zitakatika Desemba kabla hayajawa matunda yaliyoiva.

Ua linahitaji siku 45 hadi 55 hivi, katika joto la huku bondeni, ili liwe tunda jekundu. Nyanya za matunda madogo hupungua kidogo hapo, na za matunda makubwa ya mikunjo huzidi. Hesabu mwenyewe kurudi nyuma: ua linalofunguka baada ya katikati ya Oktoba litaiva Desemba, na litajaza tunda lake wakati udongo unakauka. Matunda hayo ndiyo utakayoyakuta yana doa jeusi lililobonyea kwenye kitako. Watu hukimbilia dawa ya kuvu, lakini pale hakuna kuvu. Maji yakija kwa kusitasita, madini ya kalisi hayafiki mwisho wa tunda, na kitako kinaoza.

Kama tayari una Money Maker kwenye kitalu, usiitupe. Nyanya ndefu unaweza kuifanya ikomae mapema kwa kuikata kichwa. Acha vichala vitatu au vinne, acha majani mawili juu ya kichala cha mwisho, kisha vunja ncha kwa kidole asubuhi jua likiwa limetoka na majani yamekauka. Endelea kuondoa machipukizi yanayotoka kwapani mwa majani. Nguvu iliyokuwa inaenda kwenye kimo itarudi kwenye matunda yaliyopo. Usifanye hivyo kwa fupi! Nimeona mashamba ya Roma yaliyopogolewa kama Money Maker, vijiti vitupu vyenye matunda ya kuhesabu, kwa sababu kwenye nyanya fupi hayo matawi ya pembeni ndiyo yanayobeba mzigo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni joto. Nyanya haisomi kalenda, inahesabu joto lililo juu ya nyuzi 10 hivi. Tororo, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, wastani wa siku ni nyuzi 23 au zaidi kidogo, kwa hiyo mmea unapata kama nyuzi 13 za kutumia kila siku. Panda hadi Kapchorwa, kwenye mita 1,900 hivi, wastani ukiwa nyuzi 18, mmea ule ule unapata 8. Kwa hesabu ya karatasi, siku 75 za Tororo zinakuwa karibu 120 kule mlimani. Kabale ni hivyo hivyo. Isitoshe, usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 chavua hudhoofika na maua hudondoka bila kushika. Mtu wa mlimani ana mvua nyingi kuliko sisi na bado msimu wake ni mfupi, maana alichopungukiwa ni joto. Huyo ndiye ningemsisitizia zaidi achague aina inayowahi, na apande upande wa mteremko unaopata jua la asubuhi ili majani yakauke mapema.

Majani kukauka si jambo dogo, kwa sababu adui wa nyanya ya mvua ni bakajani, ugonjwa unaounguza majani. Ubaridi na majani mabichi kwa saa nyingi vinatosha, na shamba linaungua kwa siku chache. Nyanya fupi ina udhaifu wake hapa: iko karibu na ardhi, na kila tone la mvua linairushia udongo. Tandaza nyasi kavu chini yake, acha nafasi ya upepo kupita, na weka fito hata kama mwenye duka amekwambia haihitaji. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, utapata msitu wa majani mazito yanayochelewa kukauka, na maua yatachelewa pia. Kwa mtu anayetafuta kuwahi, urea nyingi ni kujirudisha nyuma mwenyewe.

Halafu kuna mnyauko bakteria, ambao kwangu ndio unaoamua aina kuliko siku zozote zilizoandikwa. Herufi VF kwenye jina la Roma zinahusu minyauko miwili ya kuvu, vertisili na fusari. Hazihusu bakteria hata kidogo. Mkulima husoma "inahimili mnyauko", hupanda, kisha mimea inalegea mchana ikiwa ya kijani kabisa, na baada ya siku chache imekufa. Kujua ni upi, kata kipande cha shina karibu na udongo na ukining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji. Tulia dakika chache. Kama ni bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina. Ukiziona, shamba hilo lisipate nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa. Weka mahindi au wimbi. Ikiwa huna ardhi nyingine, tafuta MT56, aina inayofahamika hapa Uganda kwa kuustahimili ugonjwa huu. Sokoni wengine hawaipendi kama wapendavyo Roma, lakini nyanya isiyopendwa sana inauzika, iliyokufa haiuziki.

Vijana huniletea kwenye simu picha za Early Girl na Stupice, nyanya za siku 50 hivi baada ya kupandikiza. Ni kweli zinawahi, na nyanya haina shida na urefu wa mchana wa ikweta. Early Girl yenyewe ni ndefu, jambo linaloonyesha kwamba kuwahi na ufupi si kitu kimoja. Ila zilikuzwa kwa ajili ya watu wanaokimbizana na baridi kali, si kwa ajili ya udongo wenye mnyauko bakteria. Ukipata mbegu chache, zipande kwenye ndoo nyumbani ule na watoto. Na ukinunua chotara, kama Assila F1, usitoe mbegu kwenye tunda lake kwa ajili ya msimu unaofuata. Watoto wake hawafanani, wengine watawahi na wengine watachelewa, na ule mkupuo uliolipia unapotea.

Kuna siku kadhaa za bure ambazo wengi huziacha shambani. Tunda likianza kupiga wekundu kidogo kwenye kitako, kazi ya mmea imeisha. Chuma, weka kivulini penye hewa, litaiva lenyewe, na mmea utasukuma yaliyobaki. Kwa anayeuza Malaba au kupakia lori la Kampala, nyanya ya namna hiyo ndiyo inayofika bila kupasuka sandukuni. Mkupuo una mtego mmoja tu: matunda yakianza kuiva, yanakimbia. Panga dawa ya mwisho ukijua siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kopo, ili usijikute unauza nyanya zenye vumbi jeupe la mankozebu, dawa ya kuvu, kama zile zinazojaa masokoni na ambazo mama muuzaji huzifuta kwa kitambaa kabla hujazishika.

Kwa mvua za Septemba huku bondeni, mimi nasia Roma au Cal J kwa mwenye udongo msafi anayeuza kwa sanduku, MT56 kwa mwenye mnyauko, na Money Maker ya kukata kichwa kwa yule anayepanga mafungu mbele ya nyumba na anataka kuuza kidogo kidogo kila siku.