Je, wajua kwa nini Waathene walipata viongozi wao kwa bahati?

Leo ukisema unakwenda kupiga kura, msikilizaji anawaza karatasi yenye picha za wagombea. Neno lenyewe ni kongwe kuliko sanduku la uchaguzi. Kura, lililotujia kutoka Kiarabu, ni kile kijiti au kikaratasi cha kubahatisha nani aangukiwe na jambo. Katika Biblia, mabaharia walimjua Yona kuwa ndiye mwenye kosa kwa kura, na Mathiya akaongezwa kwa mitume kwa kura vilevile. Kwa maana hiyo ya asili, Waathene wa Ugiriki ya kale walikuwa wapiga kura hasa. Katika karne ya 5 na ya 4 KK, maofisa wao wengi mno walipatikana kwa bahati, bila kampeni wala mgombea.

Kwa nini? Kwa sababu waliuona uchaguzi kuwa uwanja wa wenye nacho. Anayechaguliwa ni anayejulikana, na anayejulikana ni mwenye ukoo mkubwa, mali ya kukirimu watu na ulimi mwepesi. Mwanafalsafa wao Aristoteles aliandika kwamba kugawa vyeo kwa kura huhesabiwa kuwa ni demokrasia, na kuchagua ni utawala wa wachache. Sisi tumezoea kinyume chake kabisa.

Walikuwa na mtambo wa kazi hiyo, kleroterion: bamba la jiwe lililochongwa safu za vijinafasi. Kila mtu alichomeka kibao chake chenye jina. Ubavuni mlikuwa na bomba, wakamimina humo vigololi vyeupe na vyeusi vilivyochanganywa, kisha kikatolewa kimoja kimoja. Kikitoka cheupe, safu nzima imepata kazi. Kikitoka cheusi, wote warudi nyumbani. Utamhonga nani hapo? Mabaki ya mitambo hii yamefukuliwa Agora, uwanja wa soko wa Athene, na yanaonekana hadi leo katika makumbusho yake.

Kwa kura walipatikana wajumbe 500 wa Baraza, 50 kutoka kila kabila kati ya yale 10 yaliyoundwa na mwanasiasa Kleisthenes mwaka 508 KK. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia zaidi ya mara mbili maishani. Mwenyekiti naye alibadilishwa kila siku, kwa kura: usiku mmoja na mchana wake, fundi viatu angeweza kushika funguo za hazina na muhuri wa dola. Mwanafalsafa Sokrates mwenyewe aliangukiwa na ujumbe huo. Mwaka 406 KK, zamu ya wajumbe wa kabila lake kuongoza vikao ilipofika, alikataa majenerali walioshtakiwa wahukumiwe kifo wote kwa mkupuo kinyume cha sheria. Umati ulimshinda, na sita wakauawa.

Basi hawakuogopa kupata mjinga au mwizi? Waliogopa sana. Kabla ya kuapishwa, mtu aliulizwa hadharani kama anawatendea wazazi wake vema, kama amelipa kodi, kama amekwenda vitani alipoitwa. Alihudumu mwaka mmoja, mara nyingi pamoja na wenzake tisa, na akimaliza alikaguliwa hesabu.

Tena si kila kazi waliiachia bahati. Majenerali 10 walichaguliwa kwa kunyoosha mikono, na waliweza kurudishwa. Perikles, mwanasiasa wao mashuhuri, alirudishwa miaka 15 mfululizo. Kwa mikono pia walimchagua mtunza fedha za jeshi na msimamizi wa chemchemi za maji. Mimi huyo wa maji ndiye anayenigusa: mji mkavu kama ule ulijua kiu haibahatishwi.

Ila vibao vile vilikuwa vya wanaume raia tu. Wanawake hawakuwa navyo, wala wageni waliozaliwa na kufia hapo, na tangu sheria ya Perikles ya mwaka 451 KK ilibidi baba na mama wote wawe Waathene. Watumwa ndio kabisa, ingawa dola iliwategemea. Sheria ya mwaka 375 KK iliyochongwa kwenye jiwe inamtaja mmoja wao: mtumwa wa umma aliyekaa sokoni kukagua sarafu za fedha. Aliyoikubali, hakuna mfanyabiashara aliyeruhusiwa kuikataa. Na siku asipokaa kitini, sheria ileile iliagiza achapwe viboko 50.